Mkono Uliokataa Kuuachia Mwiko

Kama unayasoma haya umekaa kwenye benchi la hospitali, na vidole vyako vimejikunja vyenyewe bila ya wewe kuviamrisha, basi karibu, kaa vizuri, mimi nimeshakaa hapo. Benchi langu lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya buluu, na upande wa dirishani lina msumari uliochana kanzu yangu kabla sijaujua ulipo. Udaktari sitakueleza, kwa sababu sijausomea. Nitakueleza nilivyoumwa, nilivyodhani nimekwisha na nilivyopona. Ndiyo, nimepona, na nalisema hilo mwanzo kabisa ili usije ukasoma kwa wasiwasi.

Naitwa Hamadi. Nimezaliwa Gando na naishi Gando, lakini kazi yangu iko Wete: napika halua. Sufuria ni la shaba, nimelirithi kwa baba yangu, na watu watatu wazima wakilikumbatia hawalizunguki vizuri. Asiyepika halua hudhani kazi ni kupima sukari na iliki. Kazi ni kukoroga. Wanga ukishaanza kushikana hupati ruhusa hata ya kujifuta jasho, maana ukisita tu unashika chini, na halua ikinuka moshi hakuna samli wala zafarani itakayoiokoa. Kwa hiyo tunapika wawili. Mwenzangu ni Kombo, kaka wa mke wangu Mwanaidi. Mmoja akichoka, mwengine anaupokea mwiko, na mwiko wenyewe hausimami. Tumefanya hivyo miaka na miaka, hata tukigombana.

Ugonjwa ulianza wakati wa mchoo, zile mvua nyepesi za kipupwe, kwa mambo ya kipuuzi. Kope la jicho likinichezacheza. Midomo ikiwasha kama niliyekula nanasi bichi. Nikinyoosha mguu kitandani, shavu la mguu linakaza mpaka naruka. Sikumwambia mtu. Mwanaidi aliniona nikijikanda mguu akauliza, nikamwambia ni baridi. Sisi wapishi wa halua tuna kiburi cha mikono, na mtu mwenye kiburi cha mikono hakubali kirahisi kwamba kope limemshinda.

Vuli ilipoingia tulikuwa na halua ya harusi. Ilikuwa imeshafika pale pazuri, imekuwa nzito, inang'aa, inaanza kutoa samli pembeni. Kombo akanyoosha mikono yake apokee.

"Lete," akasema.

"Chukua."

"Achia basi, yakhe!"

"Nimeachia!"

"Hujaachia, Hamadi! Halua inaungua!"

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Mimi nilikuwa nimeshauachia mwiko. Mkono ulikuwa haujauachia. Vidole vilikuwa vimebanana, gumba limejificha kiganjani, kifundo kimepinda, na nilivyozidi kuuamrisha ufunguke ndivyo ulivyozidi kukaza. Maumivu yake sijui niyaeleze vipi. Kombo akaanza kunibandua kidole kimoja kimoja, na alipofika cha mwisho moshi ulikuwa umeshapanda. Sufuria zima tulilimwaga. Kombo akapika upya na mtu mwengine, na mimi nikakaa pembeni, mkono nimeufunika kwa kikoi kama niliyeiba kitu.

Nilivyorudi nyumbani, kila aliyeingia aliingia na jibu lake. Mwanaidi alinikanda kwa mafuta ya nazi. Jirani akasema ni baridi yabisi. Kombo, ambaye akishikilia jambo humwezi, akasema huo ni mkono wa mtu.

"Shemeji, kuna watu hawalali kwa ajili ya halua yako," akaniambia. "Umetupiwa kitu."

Shehe wetu akaniandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, akaliosha kwa maji, nikalinywa. Sina neno baya na kombe. Lilinituliza moyo, na moyo wangu ulikuwa unahitaji kutulizwa. Lakini shehe huyohuyo, alipokuwa anavaa viatu vyake mlangoni, alinigeukia akasema, "Na hospitali uende kesho, Hamadi, usinisingizie mimi kuwa nimekuzuia."

Ndipo nikalifahamu lile benchi la buluu. Hakuna mahala nimejifunza subira kama pale, na nasema hivyo mimi niliyekoroga halua tangu sina ndevu. Unajua nani kaja na mtoto wa homa, nani kaja na mguu, nani kaja kwa sababu nyumbani kumemchosha. Bibi mmoja alikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili kila siku, kimoja chake, kimoja cha mgonjwa atakayekaa karibu naye. Alinipa chai na akanishikia kikombe mdomoni bila kuniuliza kwa nini sishiki mwenyewe. Jina lake sikulijua, na bado namuombea dua.

Daktari aliyenipokea ni binti wa Shumba, anaitwa Rukia, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alinigonga kwa kidole mbele ya sikio, na mdomo wangu ukaruka upande. Akagonga tena, ukaruka tena. Kisha akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo akakiacha kimejaa. Tukakaa tunautazama mkono. Kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, vidole vikajikusanya, gumba likaingia ndani.

"Ndio hivi?" akauliza.

"Ndio hivi hasa!" Nilifurahi, wallahi. Mgonjwa hufurahi ugonjwa wake ukionekana na mtu mwengine, maana anajua hajawa mwendawazimu.

Akaniuliza nakula nini, nalala vipi, naumwa na nini zaidi. Akauliza, "Unatumia dawa yoyote, baba?"

"Situmii hata moja," nikamjibu, na nikajisifu kidogo kwa hilo.

Damu ilionesha kalsiamu imeshuka. Nikawekewa dripu, na jioni yake mkono ukafunguka wenyewe, taratibu, kidole kwa kidole. Nililia mbele ya muuguzi. Nikarudi Gando nikasema yamekwisha, na Mwanaidi akachinja kuku.

Hayakuwa yamekwisha. Kaskazi ilipoanza kuvuma yakarudi, na safari hii hayakuja mkononi peke yake. Miguu ikawa haina nguvu. Nikichuchumaa siinuki. Msikitini nikawa naswali juu ya kiti, nyuma kabisa pamoja na wazee wenye magongo, na mimi sijafika huko. Moyo ukawa unaruka, unapiga, unasita, unapiga mara mbili kwa haraka kama unaolipa deni la kusita. Mabega yangu, ambayo watu wa Wete walikuwa wakinitania kwayo, yakapungua mpaka fulana zikawa zinaning'inia. Saa ya mkononi ikawa inateremka hadi kwenye kiwiko nikiinua mkono. Nikaivua.

Na nikawa mkorofi. Wanaougua hulificha hili, mimi silifichi, kwa sababu ukilijua mapema utapata kuomba radhi mapema. Siku moja Mwanaidi ananilisha uji, nikashtuka kwa mkakamao, uji ukamwagika juu ya mkeka, na nikampigia kelele yeye. Akaliweka bakuli chini polepole.

"Hamadi," akasema, "mie si ukuta. Ukuta unaupigia kelele haukujibu. Mie ntakujibu, na utajuta."

Akajitanda kanga akaenda kwa mama yake, nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilikaa na uji ule mkekani, sina hata namna ya kuufuta. Alasiri akarudi na changu wawili mkononi. Nikamwambia nisamehe. Akanambia, "Kula kwanza." Alinisamehe baada ya kula, na samaki alikuwa mtamu sana.

Dada yangu Time alikuwa akipiga simu kila Ijumaa kutoka Maskati. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ingawa amehamia huko zamani, bado huniuliza kama nimekula kana kwamba mimi ni wa skuli ya maandalizi. Nikimwambia siumwi sana, ananijua, analia. Kila mtu wa Gando aliyekuwa akirudi kutoka kule alikuwa na mfuko wangu kutoka kwake.

Daktari Rukia aliponiona nimerudi hakupendezwa. Akasema kalsiamu kushuka mara ya pili baada ya kuijaza, lazima kuna kitu nyuma yake. Akachukua damu nyengine ikapelekwa Unguja kwa boti kutoka Mkoani, maana kipimo alichokitaka hakikuwepo kisiwani kwetu. Kusubiri damu yako ivuke bahari na majibu yavuke kurudi ni kazi kubwa kuliko kuumwa. Majibu yalipokuja, alikuja nayo mwenyewe wodini.

"Baba, huna magnesiamu. Nasema huna, kilichobaki ni cha kuhesabia tu. Mwili ukikosa hiyo, hata kalsiamu haikai."

"Na dawa ipo?"

"Ipo. Lakini ipo wodi ya wazazi."

Mwezi ulikuwa wa Rajabu, na hapo ndipo nilipoanza kuwa kichekesho cha wilaya nzima. Dripu ya magnesiamu pale huwekwa kwa ajili ya wanawake wajawazito wenye kifafa cha mimba, na kwa hivyo muuguzi alikwenda kuniombea kule, akarudi na chupa zake amezibeba kwenye sinia, huku wauguzi wa wazazi wakichungulia mlangoni kumuona huyo mzazi mwenye ndevu. Kombo alikuwepo. Kufika Alasiri, Wete nzima ilikuwa na habari.

"Salama umejifungua, Hamadi?" watu wakinipigia simu. "Dume au jike?"

"Pacha," nikiwajibu.

Ile dripu ikiingia inakuja na joto. Linaanza shingoni, linashuka kifuani, uso unakuwa kama unaokaa karibu na moto wa kuni za mkarafuu. Usiogope, ni kawaida yake. Muuguzi alikuwa akija kila mara kunigonga gotini kwa kinyundo cha mpira, mguu urukie juu ajue dawa haijazidi. Siku ya pili niliinuka kutoka kwenye kuchuchumaa bila kushika kitu, chooni, peke yangu, na nikapiga takbira mle chooni, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya magnesiamu.

Shaabani yakarudi tena.

Hapo nilivunjika. Mara ya kwanza mtu hushtuka, mara ya pili hukasirika, mara ya tatu hunyamaza. Kombo akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa anavichezea vidole vya miguu yake, nikajua ana jambo.

"Shemeji, usiniudhikie. Watu wakila halua ya mwengine Sikukuu mbili tatu, wataizowea. Kuna mtu wa Chake anaulizia sufuria."

"Sufuria la baba yangu?"

"La baba yako."

"Mwambie akatafute la baba yake!"

Lakini nilijua hakukosea. Sufuria la shaba lisilopikiwa huoza kwa kutu ya kijani, na mpishi asiyekoroga hana jina. Tukakubaliana. Kombo atapika na mtu wa kuazima Iddi ndogo. Mimi nina mpaka Iddi kubwa. Nikiweza kusimama kwenye sufuria tangu wanga mpaka kuteremsha, zamu kwa zamu kama zamani, linabaki kwetu. Nikishindwa, mtu wa Chake alichukue. Nilipeana naye mkono kwa maneno hayo, mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umejifunga.

Nikalazwa tena, dripu tena, joto lilelile. Mchana wa siku ya pili Mwanaidi alikuwa ameniletea wali na mchuzi wa pweza. Nilipomaliza nikatia mkono kwenye mfuko wangu, nikatoa kapsuli yangu, nusu nyeupe nusu nyekundu, nikaimeza kwa maji kama nilivyozoea. Daktari Rukia alikuwa kitanda cha pili anaandika. Akainua kichwa.

"Baba, hicho ulichomeza ni nini?"

"Hichi? Hichi si kitu, daktari."

"Si kitu vipi na umekimeza?"

"Zawadi."

"Zawadi ya nini?"

"Ya Maskati. Dada yangu huniletea. Ya kuzuia kiungulia."

Akaja akasimama mbele yangu. "Mie nimekuuliza mara ngapi kama unatumia dawa?"

"Kila nikija."

"Ukanijibu nini?"

"Kuwa situmii."

"Na hino?"

"Hino si dawa, daktari. Hino zawadi!"

Nilidhani atafoka. Akacheka mpaka akajishika kwenye chuma cha kitanda, Mwanaidi akacheka, mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka na tumbo lake limeshonwa. Mimi peke yangu sikuona cha kuchekesha. Ndivyo tulivyo. Dawa kwetu ni ile unayopewa hospitali ukiumwa, inakaa kwenye mfuko wa plastiki, inatundikwa msumarini karibu na kitanda, na ukipona inatupwa. Kinachokuja kutoka Maskati ndani ya sanduku, pamoja na udi na mafuta mazuri na tende, hicho kinawekwa kwenye kabati la vioo. Daktari alipouliza dawa, akili yangu ilikwenda msumarini. Haikwenda kabatini. Na kabatini ndimo zilimokuwa, makopo kwa makopo, maana dada yangu alisikia siku moja kwenye simu kwamba samli na kahawa zinaniunguza kifua, akatuma kopo, kiungulia kikaisha, na tangu hapo hakuacha kutuma wala mimi sikuacha kumeza, kila siku, miaka, na msimu wa harusi asubuhi na jioni.

Daktari akakaa kitandani pangu. Nilisema sitakueleza udaktari, lakini haya maneno yake machache nayatoa kwako kama alivyonipa.

"Umewahi kuvuta juya?" akaniuliza.

"Nimevuta wavu huo, udogoni."

"Mtu akishaivuta kamba, anafanya nini?"

"Anaachia, anashika mbele."

"Asipoachia?"

"Anaganda hapo hapo, na wa nyuma wanamtukana."

"Basi ndani ya msuli muna vitu vidogo mno vinavuta hivyohivyo. Vinashika, vinavuta, vinaachia. Watu wote wanadhani nguvu ni ya kuvuta, lakini hata kuachia kunataka nguvu. Kile kitu hakiachii mpaka kipate nishati, na nishati hiyo hakiipokei ikija peke yake. Inaingia imeshikana na magnesiamu. Na mishipa ya fahamu nayo ikiikosa hiyo inaamrisha ovyo, kaza, kaza, kaza. Wako mkono umekosa kote kuwili."

Hiyo nishati aliitaja kwa herufi tatu ambazo nilizisahau kabla hajaondoka. Akasema kapsuli zile zinasaidia watu wengi, na wengine lazima wazinywe, lakini kwa baadhi ya watu, zikinywewa miaka, matumbo huacha kuipokea magnesiamu kutoka kwenye chakula. "Sie tunajaza kwa dripu," akasema, "na weye unatoboa chini."

Nilikaa na maneno yale siku nzima. Umri wangu wote watu wamenisifu kwa nguvu za kukoroga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisifu kwa kuachia, wala mimi sikujua kuwa ni kazi.

Kapsuli zikasimamishwa, kwa amri yake na chini ya macho yake. Sikiliza hapo: mimi sikuziacha kwa kichwa changu, na wewe usiziache zako kwa sababu umesoma kwangu. Nenda kabatini, chukua kila kitu unachomeza, cha kununua, cha kupewa, cha kuletewa, kitie kwenye mfuko mmoja ukamuoneshe daktari. Usimwambie. Muoneshe.

Ramadhani ile sikufunga, daktari alinikataza. Kula mchana peke yangu chumbani, mlango umerudishwa, ilikuwa adhabu kubwa kuliko mikakamao. Kiungulia kilirudi na kelele zake, nikakituliza kwa kula kidogo na kwa kuacha kahawa, jambo ambalo Kombo hajaliamini mpaka leo. Mwanaidi akawa ananipikia kunde na mchicha, na mbegu za maboga akizikaanga na chumvi kidogo ninatafuna kama kasuku. Kila baada ya wiki kadhaa damu yangu ilivuka kwenda Unguja, na kila ikirudi ilikuwa na habari nzuri zaidi. Iddi ndogo nilikaa jikoni Wete nikichochea kuni tu. Masika ilinyesha, na siku moja katikati ya masika ile nikaona kuwa nimeshona kifungo cha kanzu mwenyewe, nimemaliza, nimekata uzi, na wala sikuwa nikiufikiria mkono.

Lililobaki gumu lilikuwa dada yangu. Nilimficha, nikamficha, Ijumaa moja nikamwambia.

"Kumbe nimekulisha sumu kwa mkono wangu," akasema. "Mie niliyekulea."

"Dada, ulituma dawa ya kiungulia na kiungulia kilipona. Haya mengine ni mwili wangu wenyewe."

Akakata simu. Ijumaa iliyofuata hakupiga. Nyengine hakupiga. Nilipopiga mimi, alipokea mwanawe. Nilikuwa napata nguvu kila siku na sina raha hata kidogo. Nilikuwa nimelea hofu ya kufa miezi yote ile, na sasa nikawa na hofu kwamba nimepona kwa kumvunja yeye.

Mfungo Tatu, mwezi wa Iddi kubwa, alikuja. Hakumwambia mtu mpaka yuko Unguja, akapiga simu kuwa anapanda boti. Nikaenda kumpokea Mkoani. Watu wa bandarini wanamjua dada Time. Akija yeye wachukuzi wawili hawatoshi, masanduku yake yamefungwa kamba mpaka yanapumua. Basi wachukuzi walimuona wakakimbilia, na yeye akashuka na mkoba wa mkononi tu. Akawatazama, akanitazama, akateremsha macho.

"Sikuleta kitu, Hamadi," akasema. "Naogopa kukupa kitu."

Maskini dada yangu. Mtu ambaye mapenzi yake yote alikuwa akiyafunga ndani ya sanduku. Pale bandarini mbele ya watu nikamwambia tu, "Kesho napika. Utakuja kukaa jikoni."

Ilikuwa ndiyo halua ya Iddi kubwa, halua ya ahadi yangu na Kombo. Nilimuweka dada kwenye kiti karibu na mlango, mahala pa upepo. Mwanaidi alikuwa upande wa lozi na iliki. Tulianza asubuhi. Sukari ikachemka, wanga ukamiminwa, nikasema bismillahi nikashika mwiko.

Ikashika. Ikawa nzito. Mabega yakaanza kuuma, na lilikuwa umivu zuri, la kazi, nalijua umivu hilo tangu ujana. Zamu ya kwanza Kombo aliponyoosha mikono alikuwa anautazama mkono wangu, hautazami mwiko. Nikamwachia. Akavuta pumzi. Zamu ya pili, ya tatu, nikashika nikaachia, nikashika nikaachia, na kila nikiachia Mwanaidi alikuwa akisema "alhamdulillahi" kwa sauti ya chini akidhani simsikii. Adhuhuri tulipokezana kuswali. Samli ikaanza kutoka pembeni. Halua ikang'aa. Pale ndipo pagumu pa mwisho, mwiko unakuwa kama umepandwa ardhini, na zamu hiyo ilikuwa yangu. Nilikoroga. Nilikoroga huku nacheka na jasho linaingia mdomoni, mpaka Kombo mwenyewe akapiga kelele kuwa imeiva, teremsha, utatuulia halua kwa furaha.

Tukaliteremsha sufuria. Kombo hakunipa hata pole. Alitoka nje na simu yake, na sote tulimsikia.

"Ewe bwana wa Chake! Tafuta sufuria pengine. Hili lina mwenyewe."

Nikageuka kumtazama dada. Alikuwa ameshainuka kwenye kiti. Nilimtilia halua ya kwanza kwenye kisahani, bado inafuka, nikamwambia ale, na hiyo nyengine nitamfungia aende nayo Maskati, awaoneshe watu wa kule halua inavyopikwa. Hakukishika kisahani. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganja chenye malengelenge mapya.

"Funga," akasema.

Nikafunga.

"Fungua."

Nikafungua.

"Tena," akasema, machozi yanamtiririka, na mimi nikafunga, nikafungua. Akasema tena. Mwanaidi akasema halua inapoa, Kombo akarudi akasimama mlangoni akitushangaa, na sisi bado tupo pale katikati ya jiko, mzee mzima nafunga na kufungua mkono kama mtoto anayefundishwa, wala sikuona haya. Ningefanya hivyo mpaka Magharibi kama angetaka.